Mwezi wa Sinia

Mume wangu Sadiq ni mtu mwema, na wema wake ndio utakaonizika. Mume mwongo unaweza kuishi naye. Ukishajua kwamba anadanganya, unajipangia mambo yako. Lakini mume msema kweli, tena wa kuisema redioni, tena baada ya magharibi Amu nzima, yaani Lamu yetu, imekaa na tende mkononi, huyo ni mtihani. Nami Thuwaiba nimo ndani ya mtihani huo tangu siku aliyostaafu ualimu.

Alikuwa akifundisha historia. Alipostaafu, vijana wa redio yetu ndogo walimwomba awape kipindi, akawapa kinachoitwa Siku Kama ya Leo. Hufuata tarehe zetu za Kiislamu, na kila jioni husoma mambo yaliyotokea tarehe hiyo. Mwanzo alisoma mambo makubwa: vita vya Badri, kufunguliwa kwa Makka, wafalme kutawazwa na wafalme kufa. Kisha yakamwishia, kwa sababu ziko siku ambazo wakubwa wa dunia walilala tu. Hapo ndipo alipoingia kwetu. "Siku kama ya leo, mwaka ambao wengi wenu mwaukumbuka, punda wa Bwana Jeilani aliingia harusini Langoni akala shada la bibi arusi." "Siku kama ya leo, Mbwajumali waliwafunga Kipungani mabao manne, na golikipa wa Kipungani akasingizia jua, ilhali kulikuwa na mawingu." Watu wanacheka mpaka chai inawatoka puani. Wanacheka mpaka siku ya tarehe yao.

Nikimwambia, "Sadiq, unatuharibia na watu," hunijibu, "Bi Thuwaiba, historia haina mkwe." Hivyo tu, kisha hurudi kwenye kahawa yake. Natamani siku moja nimmwagie.

Sasa, katika visa vyote vya Amu, kimoja ndicho watu hukipenda kupita vyote, na tarehe yake ni thelathini Ramadhani. Kilitokea mimi nikiwa bado mwari. Jioni ya ishirini na tisa, wakati watu wote wanautafuta mwezi, Bwana Abubakr wa Mkomani, muuza vitambaa, mtu wa heshima zake, aliingia msikitini akasema mwezi umeonekana nyumbani kwake. Nani angemkatalia? Takbira zikapigwa, hina zikapakwa, asubuhi tukavaa nguo mpya na mchana tukala biriani. Tunapolamba vidole ndipo habari zikaja: Pate wamefunga. Faza wamefunga. Mombasa wamefunga. Nti nzima imefunga isipokuwa sisi, na midomo yetu imejaa mchuzi. Jioni vijana walipanda darini kwa Bwana Abubakr wakaone alichokiona. Upande wa magharibi, juu ya nyumba ya jirani, walikuta sinia ya shaba imeegemezwa ukutani ikauke, na ukingo wake unameta kwa mwanga wa jua la kutua, mwembamba, umepinda vizuri. Mwezi kabisa.

Tangu siku hiyo akawa Abubakr Sinia. Alizeeka na jina hilo, na alipokufa, Mungu amrehemu, watu walikuwa wakiulizana njiani, "Twenda kuzika kwa nani?" wakajibiwa, "Kwa Sinia." Mwanawe Fawaz alikwenda shule akaitwa Sinia Mdogo. Na mkewe, Bi Alawiya, alikaza shingo ikawa haigeuki tena. Ukitaja sinia mbele yake, ameondoka. Alikwenda kumposea Fawaz nyumba moja hapo nyuma, shangazi wa watu akaita jikoni bila ya kufikiri, "Leteni ile sinia kubwa!" Bi Alawiya akavaa buibui lake, posa ikafia mlangoni.

Na huyo Fawaz, kati ya vijana wote wa kisiwa hiki, ndiye Rumaisa wangu aliyempenda.

Rumaisa ni binti yangu wa pekee. Anafundisha watoto wadogo, ana akili, ana maneno, na umri wake ulikuwa umefika pale ambapo majirani huanza kukuuliza habari za mwanao kwa sauti ya kumuuguza. Aliwakataa wawili watatu kwa sababu ambazo sikuzielewa. Huyu hakumkataa. Aliniambia jikoni, tukikuna nazi, "Mama, huyu akinipita sitaki mwengine." Hakulia wala hakuinua mato. Aliendelea kukuna nazi, nami nikajua maneno yake ni ya kweli. Ana ukweli wa babake, bahati mbaya.

Bi Alawiya akatuma salamu kwamba atakuja kufuturu kwetu, atazame nyumba na watu wake, kisha aseme neno. Akachagua siku mwenyewe: Ramadhani, ishirini na tisa.

Nusura nianguke. Miaka miwili mfululizo mwezi ulikuwa umeandama ishirini na tisa, yaani tarehe thelathini haikuwapo kabisa, na kisa cha sinia hakikusomwa. Watu walikuwa na kiu nacho. Vijana walikuwa wakimsimamisha Sadiq ndiani, "Mwalimu, mwaka huu je, sinia tutaipata?"

Nikamngojea arudi, nikamkalisha kitako.

"Bwana Sadiq, Bi Alawiya anakuja kufuturu ishirini na tisa. Siku hiyo sitaki kusikia habari ya sinia redioni. Niapie."

"Ishirini na tisa?" akauliza.

"Ishirini na tisa."

Akafikiri kidogo, akainua mkono. "Wallahi, Bi Thuwaiba, ishirini na tisa Ramadhani sitaisoma habari ya sinia."

Nikashukuru Mungu. Nikamkaangia samaki kwa mkono wangu, chakula cha daku, na kumbe nilikuwa nikimlisha adui.

Siku yenyewe ilipofika niliisafisha nyumba mpaka kuta zikaona haya. Kisha nikakusanya masinia yangu yote, makubwa na madogo, ya shaba na ya bati, nikayasukuma uvunguni mwa kitanda nikayafunika shuka. Mkate wa kumimina nilikataza usipikwe, kwa sababu wengine huuita mkate wa sinia, na mdomo hauna kufuli. Viazi vya nazi nikavitia kwenye bakuli, sambusa kwenye bakuli, mahamri kwenye bakuli. Rumaisa akanitazama.

"Mama, mahamri kwenye bakuli la supu?"

"Nyamaza, mwanangu. Leo tunakula kizungu."

Bi Alawiya alikuja kabla ya adhana, mrefu, amejaa udi, anatazama juu kana kwamba anakagua boriti. Fawaz alimsindikiza akabaki nje kwenye daka, baraza ya mlangoni, kama adabu inavyotaka, nikampelekea futari yake huko. Rumaisa alisalimu, akabusu mkono, akaingia chumba cha ndani akaacha mlango wazi kidole kimoja. Sadiq alikuwa kwenye redio. Na redio yetu ilikuwa inawaka, kwa sababu usiku kama ule nyumba gani huzima redio? Watu wote wanangoja habari ya mwezi. Iko juu kwenye kidaka cha ukutani, nilikoiweka ili paka asiiangushe, na mimi kimo Mungu hakunijalia.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende, tukaswali, tukakaa chakulani. Bi Alawiya aliyatazama yale mahamri kwenye bakuli la supu, akanitazama mimi, akala. Akaongeza la pili. Moyo wangu ukaanza kutulia. Akauliza Rumaisa anafundisha darasa gani, akasikia, akasema, "Mashaallah, kazi ya subira." Neno jema! Nikajiona tayari niko kwenye vishindo vya harusi nikichagua leso.

Ndipo redio ikatangaza: mwezi haukuonekana popote, kesho tunafunga.

"Alhamdulillahi," nikasema, namimina uji. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Leo ni ishirini na tisa na mume wangu ameapa.

Sauti ya Sadiq ikaingia, imetulia, tamu, sauti ile ile iliyoniponza nikaolewa naye.

"Assalamu alaykum, ndugu wasikilizaji. Kama mnavyojua, siku yetu huanza jua linapotua. Ishirini na tisa imekwisha. Tangu magharibi tumo ndani ya thelathini Ramadhani, tarehe ambayo hatukuipata kwa miaka miwili. Siku kama ya leo..."

Yarabi! Uji ulinimwagikia mkononi na sikuusikia moto. Ningejuaje? Najua sana kwamba siku huanza magharibi, mtoto wa chuoni anajua! Lakini mwanamke anayepika Ramadhani nzima siku yake haiishi kwa jua. Siku yangu mimi huisha sahani zikishaoshwa, na sahani zilikuwa bado zimejaa chakula. Kwangu ilikuwa bado ni ishirini na tisa. Kwa yule mwanamume ilikuwa kesho, na kiapo chake kimebaki jana.

Niliruka kwenye kidaka. Sikufika. Nikavuta kiti, kiti kikagoma kwenye ukingo wa mkeka. Na Sadiq anaendelea, "...mtu mmoja wa mtaa wa Mkomani, Mungu amrehemu, alitangaza mwezi, na mji mzima ukala mchana wa Ramadhani kwa sababu ya sinia..." Nilisikia kicheko kikitoka nyumba ya jirani, kisha nyumba ya pili, kikapita mtaani. Huko dakani Fawaz alikohoa. Na nyuma ya ule mlango ulioachwa wazi kidole kimoja, niliisikia pumzi ya mwanangu ikikatika.

"Bi Alawiya," nikasema kutoka juu ya kiti, "naomba radhi, yule mume wangu ni mgonjwa."

"Shuka, Thuwaiba," akasema.

Nikashuka. Nilijua sasa atavaa buibui. Nilikuwa tayari kumshika miguu. Sioni haya kusema: kwa ajili ya Rumaisa ningemshika miguu mbele ya mji mzima.

Hakuvaa buibui. Alikuwa amekaa vile vile, mkono mmoja juu ya meza, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameshusha shingo.

"Mumeo anapokea simu kwenye hicho kipindi chake?"

"Anapokea, lakini..."

"Nipigie."

Nilipiga. Akapokea Jabez, fundi wao wa mitambo, kijana wa bara mwenye furaha wakati wote. "Hewani hapo! Jina lako na unapigia wapi?" Bi Alawiya akanipokonya simu.

"Alawiya, mke wa Abubakr. Nipe huyo mwalimu."

 Kicheko cha mtaani kikakatika. Kisha Sadiq akasema, "Karibu, Bi Alawiya."

"Historia yako ina kosa, Bwana Sadiq. Mume wangu hakuona mwezi."

"Naam, tunajua, aliona sinia..."

"Hakuona sinia. Hakuona kitu. Abubakr mato yake yalikuwa mabovu tangu utoto, hata sindano ya dukani alitungiwa uzi na watu. Mwezi niliuona mimi. Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu. Nilipanda darini, nikauona, nikashuka mbio nikamwambia, Abubakr, mwezi huo! Akasema, umeuona? Nikasema, nimeuona. Akavaa kofia akaenda msikitini. Hakupanda kuangalia. Hakuniuliza mara ya pili. Na msikitini hakusema nimeuona. Alisema umeonekana nyumbani kwangu. Watu wakafahamu watakavyo."

Nilikaa chini bila ya kutafuta kiti.

"Ilipokuwa vile ilivyokuwa," akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imelowa, "nilitaka kwenda kusema. Akanikataza. Akaniambia, wewe mwana wa watu, wakikushika hawatakuacha mpaka ufe. Mimi watanicheka wiki moja watachoka. Wiki moja! Walimcheka mpaka kaburini. Na mimi nikanyamaza, nikawa namkasirikia kila mtu anayetaja sinia, na mtu wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ndiyo kata, Bwana Sadiq. Sahihisha."

Kule redioni tukasikia kiti kikikwaruza sakafu. "Bi Alawiya," Sadiq akasema taratibu, "nitasahihisha. Kila mwaka wenye thelathini nitasahihisha. Na unisamehe. Nilipaswa kuuliza kabla ya kusimulia."

"Nimekusamehe. Bado moja."

"Naam."

"Andika na hili kwenye tarehe hiyo hiyo. Usiku wa thelathini Ramadhani, Alawiya amemposea mwanawe Fawaz binti yako Rumaisa. Unakubali au hukubali?"

Nilijifunika uso kwa leso. Posa redioni! Tena na mwanamke! Tena kwa simu yangu, na salio linakwisha! Tukangojea jibu. Badala ya jibu, Yarabi, ukapigwa wimbo wa tangazo la magodoro. Jabez alikuwa amebabaika akabonyeza kisichobonyezwa. Tukakaa pale, Bi Alawiya na simu sikioni, tukiambiwa jinsi godoro lisivyobonyea, mtaa mzima ukiangua kicheko, na mimi namwapiza Jabez na ukoo wake wote wa huko milimani. Wimbo ulipokatika, Sadiq alikuwa tayari anazungumza.

"...nimesema nimekubali! Jabez, nimesikika? Nimekubali, lakini aulizwe mwenyewe kwanza."

Mlango wa ndani ukafunguka. Rumaisa akasimama pale, mato mekundu, na nje dakani Fawaz amesimama pia, kichwa kimechungulia, adabu zote zimesahauliwa.  Mwanangu alitazama chini akatabasamu, na kwetu sisi hilo ni jibu refu.

Bi Alawiya akanirudishia simu, akajipangusa uso, akavuta bakuli la supu akachukua hamri la tatu.

"Sasa, Thuwaiba," akasema, "hizo sinia zako umezificha wapi? Maana sijapata kuona mwanamke wa Amu anayetia mahamri kwenye bakuli."

Nikamwonyesha uvunguni. Tulizitoa sote wawili, tukiwa tumepiga magoti, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Harusi ilifanywa mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Kama ilivyo desturi yetu, binti hakuondoka. Tulimpa ghorofa ya juu, na Fawaz akahamia kwetu na viatu vyake vingi. Ni kijana mpole. Shughuli yake ya kwanza asubuhi ni kubishana na Sadiq kuhusu tarehe. Na Sadiq simsamehe kwa kile kiapo chake, kila nikikumbuka namwekea chumvi zaidi, lakini sasa kabla ya kusoma habari ya mtu hupiga simu akauliza. Redio inasema kipindi kimepoa kidogo. Watu wa Kipungani wamefurahi sana.

Ramadhani ya mwaka uliofuata, jioni ya ishirini na tisa, tulikuwa sote nyumbani isipokuwa Sadiq, aliyekuwa redioni akingoja mwezi kama kawaida yake. Bi Alawiya alikuwa kwetu. Siku hizi haondoki. Adhana ilikuwa imelia, Fawaz ana tende mdomoni. Rumaisa alikuwa amepanda juu darini tangu jua lilipoanza kushuka.

Tukasikia miguu yake ikishuka ngazi mbio mbio mpaka nusu, kisha sauti yake.

"Fawaz! Nimeuona mwezi!"

Fawaz akatema kokwa. Akainuka akachukua kofia yake kwenye msumari.

"Umeuona?" akauliza kuelekea ngazini.

"Nimeuona!"

Akavaa kofia akaelekea mlangoni. Wallahi, roho ilinipaa. Nilikumbuka kitu kimoja, nami nikapiga kelele bila ya haya.

"Fawaz, babangu, ngoja! Panda ukaangalie kwanza! Sinia zangu zote nimeziosha leo nikazianika huko darini!"

Alisimama kidogo, mkono kwenye komeo. Akatazama ngazini, akanitazama mimi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Ameuona Rumaisa, Mama."

Nikataka kumfuata. Bi Alawiya akanishika leso akanikalisha. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Muache aende," akasema.

Fawaz akavaa viatu vyake, akafungua mlango, akaenda msikitini.